Gari la Kiboko Lililolia Likisimama

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na gari!
Tulione!
Lioneni kwa mbali, mkiligusa mtagombezwa.

Kiboko alinunua gari, kubwa, jeupe, la juu, na siku ya kwanza tu akaja kuliegesha chini ya mgunga, kwenye kivuli chote cha uwanja. Pu! Tairi la nyuma likaziba mlango wa shimo la Panya. Panya mwenyewe alikuwa ametoka mara moja kuokota mtama, mara moja tu jamani, na mle ndani mlikuwa na watoto wake watano ambao hata macho hawajafumbua.

Akakimbia, tiri tiri tiri, mpaka miguuni pa Kiboko.

"Shikamoo baba, samahani baba, wanangu wako chini ya tairi, yaani si chini ya tairi, chini ya chini, shimoni, hewa haiingii, sogeza kidogo, kidogo tu!"

"Marahaba. Ngoja, tunazungumza."

Na kweli walikuwa wakizungumza. Punda alisema gari kama lile, kwa bei ya spea zake, utauza shamba. Ngiri, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema taa za mbele zilichorwa na mtu mwenye usingizi. Kiboko akasema huo ni wivu. Punda akauliza linakunywa mafuta kiasi gani. Kiboko akasema anayeuliza mafuta hajafikia hadhi ya kulipanda.

"Baba, wanangu..."

"Ngoja, tunazungumza."

Panya akatega sikio kwenye tairi. Wii, wii, sauti nyembamba, inazidi kufifia. Akaomba mara ya tatu, mara ya tatu akaambiwa angoje. Hapo ndipo akawatazama vizuri wale wakubwa. Kilio cha mtoto hawakisikii. Lakini gari likikohoa?

Akajipenyeza kwenye injini.

"Kwi! Kwi-kwi!"

Wote wakaligeukia gari.

"Beringi hiyo," akasema Punda.

"Beringi gani? Huo ni mkanda," akasema Ngiri.

"Mkanda ulie gari limezimwa?"

"Haya ya kisasa yanalia yenyewe. Wewe endelea na mkokoteni wako!"

"Kwi-kwi!"

"Jamani, lina siku moja!" Kiboko jasho linamtiririka.

"Liwashe tusikie!"

Kiboko akapanda, gari likainama, kwiiii, Panya akaruka chini kabla ufunguo haujazungushwa. Vruuu! Tairi likasogea, naye vup, ndani ya shimo. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Wazima wote, wamenuna kwa njaa.

Huko juu, gari halilii tena.

"Si nilisema?" Ngiri akajigamba. "Likisimama linaumwa, likitembea linapona. Usilisimamishe!"

Kiboko hakuamini. Akarudi kivulini, akakanyaga breki. Chini zikatoka sauti sita kwa pamoja: "Kwi!" Vruuu! Akarudi tena. "Kwi!" Vruuu!

Mpaka leo anazunguka, anakula humo humo, anasinzia humo humo. Akipita, Ngiri humpungia mkono na kuwaambia wenzake kwamba gari zuri ndilo lile, mwenyewe hajawahi kulishuka.

Ngano yangu imeishiwa mafuta hapa. Na funzo lake, wanangu, mlishike: gari likilia, liitikie mbio. Mtoto akilia, angoje, tunazungumza.