Nyota Nyekundu ya Agapiti

"Asiyefunika lenzi huliona doa lake angani." Methali hii mmeisikia leo kwa mafundi, mkataka kujua ilikozaliwa. Ilizaliwa hivi.

Mchana mmoja mgeni aliingia katika kibanda cha Agapiti Tweve, fundi simu wa Makete, hata hodi yake haijajibiwa. Alikuwa mwanamke aliyejaa vumbi la safari, jina lake Skola. Naye, kama Agapiti, alipiga picha za nyota kwa mapenzi tu.

"Nimekuja kuiona nyota mpya uliyoitangaza," alisema.

Agapiti alimwonyesha picha kwa fahari. Lilikuwa wingu la nyota, jekundu pembeni, la buluu katikati. Alikuwa amepanga picha nyingi moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, akazikoleza rangi taratibu. Ndani ya wingu iliwaka nukta nyekundu ambayo haikuwa katika ramani yoyote. Aliiita Sekela, jina la binti wa shangazi yake aliyefariki angali mchanga. Shangazi aliomba nakala, akawa anaiamkia kila asubuhi.

"Picha za kufunika ziko wapi?" Skola aliuliza.

"Zipi hizo, dada?"

"Unafunika lenzi, unapiga giza tupu. Kamera ina madoa yake. Giza huyaonyesha, nawe unayatoa kwenye picha zako."

"Anga lilikuwa safi. Nipoteze muda kupiga giza?"

Skola akachukua kamera ya Agapiti, akaifunika lenzi, akapiga. Wakaikuza picha. Weusi mtupu, na mahali palepale, nukta nyekundu.

"Nyota gani hii, kaka, inawaka hata ikivishwa kofia?"

Agapiti alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Uso ulimchoma kwa aibu.

"Usimwambie shangazi."

"Simwambii. Utamwambia wewe."

"Kesho," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuahidi."

Kesho yake Skola alikuwa ameshaondoka. Agapiti alimkuta shangazi akiipangusa nakala yake ukutani.

"Karibu, mwanangu. Mwenzako kaamka vizuri leo."

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Akaitoa ile picha nyeusi, aliyoichapisha usiku.

"Shangazi, huyu si Sekela. Ni doa la kamera yangu. Nilikudanganya bila kujua. Nikinyamaza leo, nitakuwa nakudanganya nikijua."

Shangazi aliitazama sana. Akaishusha ile ya rangi, akamrudishia, akaketi kupembua maharage. Siku hiyo hakumkaribisha chai.

Agapiti aliitundika ile nyeusi kibandani. Wateja walicheka, wakauliza ni picha ya nini. Naye, bila kuinua macho, alijibu: "Asiyefunika lenzi huliona doa lake angani."