Korongo Ndani ya Korongo

Haya, sogeeni karibu. Mwenye sikio alitege, na mwenye jibu alikalie kwanza, maana hadithi hii imeshawagombanisha watu wenye akili zao timamu.

Huko Ikombole palikuwa na ndugu watatu. Sekela alikuwa na jicho. Alifungua kibanda cha picha sokoni, na hata ukikaa kwenye kiti kibovu mbele ya ukuta uliobabuka, atakusogeza, atainama, na utatoka umependeza kama bibi harusi. Binamu yake Lugano alikuwa na mguu: alishuka miamba ambayo mbuzi huitazama mara mbili. Na Ambakisye, kaka yake Sekela, alikuwa na subira ya ndege. Angekaa kimya asubuhi nzima akimngoja mmoja atue, na ndege wenyewe walishamzoea.

Basi chuo kimoja cha upigaji picha kikatangaza redioni: leteni picha ya korongo la Ikombole, na aliyepiga picha bora atasomeshwa bure. Nafasi ni moja tu. Sekela alishika kifua.

"Lugano, nikiipata hiyo, sipigi tena pasipoti saizi mpaka naingia kaburini!"

Lakini korongo lile lilikuwa na kiburi. Lilikuwa refu kwenda chini hata ukungu ulilala humo mpaka jua liwe kali, ila kila aliyelipiga picha alirudi na shimo la kawaida. Sekela alisimama ukingoni, akapiga, akamwonyesha binamu yake.

"Hili ni korongo," Lugano akauliza, "au mtaro wa nyuma ya bucha?"

Sekela hakununa. Alizunguka ukingo, akachuchumaa, mwisho akalala kifudifudi na kamera akaiegesha chini, karibu na ua la njano lililoota kwenye mwamba. Hapo mambo yakageuka. Ua likawa kubwa mbele, kuta mbili zikaenda zikikaribiana, na mto ukaonekana mwembamba kule mwisho. Jicho likianzia kwenye ua, lilitembea lenyewe mpaka majini. Lugano akapiga mluzi. Sekela bado hakuridhika.

"Mtu wa mbali atajuaje kama ukuta huu ni wa kimo cha nyumba au cha mlima? Hakuna cha kupimia."

"Nipimie mimi," akasema Lugano. Akajifunga blanketi jekundu, akashuka akishikilia mizizi, mawe yakiporomoka chini ya nyayo zake. Sekela alifumba macho. Alipoyafumbua, binamu yake alikuwa amesimama kando ya mto, mdogo kama punje ya harage. Alimwonea fahari na hofu kwa pamoja.

Ambakisye akatokea akiwa na mfuko wa mahindi begani. Yeye naye alisikia tangazo, ila aliposikia korongo alidhani ni yule ndege wa miguu mirefu. Tangu alfajiri alikuwa akimmwagia mahindi kwenye kingo za miamba.

Sekela alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka jamani! Korongo tunalotaka haliruki!"

"Lenu haliruki," akajibu bila kutikisika. "Wangu anaruka."

Jua likawa linaingia kwenye lenzi. Sekela akasimama pembeni, akatandaza khanga ailinde kamera, na kaka yake akalala pale pale alipolala yeye. "Usiguse chochote ila hicho kitufe. Na usibonyeze mpaka nikuambie."

Kabla hajaambiwa, korongo akainuka kutoka kwenye mwamba, akatanua mbawa katikati ya shimo lile. Ambakisye akabonyeza.

"Nimesema nini mimi!" Sekela akafoka, akamnyang'anya kamera. Kisha akaiona picha. Ua mbele, ndege katikati, na chini kabisa Lugano, mwekundu, mdogo kuliko bawa la ndege. Sasa kina kilionekana hata na mtoto. "Mungu wangu," akanong'ona. "Ni lenyewe."

Picha wakaipeleka bila jina, ikashinda. Mkuu wa chuo akaja mwenyewe, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Nani alipiga?"

"Mimi," akasema Sekela. "Pembe ya kupigia niliitafuta mimi. Kubonyeza, hata mtoto anabonyeza."

"Mimi," akasema Ambakisye. "Ningekutii, mdogo wangu, ungepata ua na shimo. Ndege nilimwita mimi, na wakati niliujua mimi."

"Mimi," akasema Lugano. "Wateja wako wakija kibandani wanasemaje, Sekela? 'Nimekuja kupiga picha.' Na wao wanakalia kiti tu! Mimi nimeshuka kule nikiwa na roho mkononi."

Miaka yote ni Sekela mwenyewe aliyewapokea wateja kwa maneno hayo hayo: karibu, unapiga picha ngapi? Alikitaka chuo kile kuliko kitu chochote, na akiwatazama wale wawili, hakuweza kusema wanadanganya.

"Nafasi ni moja," mkuu akakumbusha. "Nitajieni jina."

Nami hapo ndipo ninapowaachia. Mwenye pembe, mwenye kidole, au aliyesimama kule chini? Je, wewe ungemtaja nani? Ila kabla hujajibu, kumbuka mara ya mwisho ulipotoka nyumbani kwenda kwa mpiga picha: ulisema unakwenda kufanya nini?