Siku ya Ndimi za Zambarau

Ngano, nije?

Njoo, mkeka umetandikwa.

Nije na uwongo wangu?

Njoo nao, hapa kila mtu ana wake.

Na utamu?

Utamu tuachie sisi, tutauonja wenyewe.

Basi nimekuja.

Hapo kale, kwenye majabali yaliyo juu ya mto, uliishi ukoo wa pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo wa mawe, mnene kama mto wa kulalia, asiye na mkia wala haya ya kutokuwa nao. Katika ukoo huo alikuwamo binti mmoja, jina lake Siwema. Siwema alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Akikutana na neno lisiloweza kusimama kwa miguu yake, hakuweza kulipita bila kulisukuma kidogo, alione likianguka.

Ukoo ule ulikuwa na siku yake. Msimu wa zambarau, kila siku ya saba, Mama anakunja mkeka, Baba anambeba Bibi mgongoni, watoto wanatangulia, tiki tiki tiki, mpaka kwenye mzambarau ulioota ukingoni mwa genge, ukitazamana na jabali la ng'ambo. Wanachuma, wanarundika juu ya majani, wanakula pamoja, pu, pu, pu, wanatema kokwa bondeni. Wakishiba, Bibi anasema, "Ndimi nje." Wote wanatoa ndimi, hata Baba. Mwenye ulimi uliokolea kuliko wote ndiye anayepewa heshima ya kuliita jabali. Anasimama ukingoni, anavuta pumzi, anaita, "Weee." Na kule ng'ambo kunajibu, "Weee... eee... eee."

"Yule wa ng'ambo," Bibi husema, "tangu mimi mwari hajakubali kushindwa neno."

Wote wanacheka, kana kwamba hawakulisikia juma lililopita. Kisha Mama anakunja mkeka, Baba anambeba Bibi, watoto wanatangulia, tiki tiki tiki, nyumbani.

Ndiyo karamu yao hiyo, hapana nyingine. Ukihadithiwa tu unaweza kuiona ndogo. Siwema mwenyewe hakujua ukubwa wake mpaka ilipomtoka mikononi.

Ilitoka hivi. Mama alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Kidawa. Siku zake arobaini zikatimia, ikawa lazima atolewe nje, aonyeshwe jua na aonyeshwe ukoo. Baba akasema safari hii shughuli iwe na uzito. Majirani zao kenge walipotoa mtoto walikuwa na mgeni wa heshima, na pimbi nao wasionekane wanafanya mambo yao kienyeji. Akashuka bondeni kwa miguu yake mwenyewe, akamwalika Nyani Makoja.

Makoja alikuwa na mabega kama mlango na meno kama miiba ya mgunga. Alikuwa na mikono na miguu yote ya kukwelea, hakuna mti uliomshinda. Lakini kila siku aliona kwamba tunda lililochumwa na mwingine lina utamu wake wa pekee. Alikuja, akakaa katikati ya mkeka. Na desturi ya pale, kama mnavyoijua, ni kwamba hakuna anayegusa chakula kabla mgeni wa heshima hajashiba.

Pimbi wakangoja ashibe. Mpaka jua linazama wanangoja. Nyam, pu. Nyam, pu. Alipoinuka, juu ya majani palikuwa na majani.

Siku ya saba iliyofuata akaja bila kualikwa. Na iliyofuata. Ami Mbaruku, kaka yake Baba, aliokota zambarau moja tu iliyojiangukia, akaitia mdomoni. Makoja akamshika shingo, akambwaga kwenye mawe, puu. Mpaka leo Ami Mbaruku anachechemea, na ukimuuliza atakuambia aliteleza.

Siwema akamwendea baba yake. Akamkumbusha kwamba wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe.

Baba akakohoa, akasema wahenga walikuwa wanazungumzia mgeni wa kawaida. Kuhusu mgeni wa heshima hawakusema kitu.

"Kwa hiyo, baba, mgeni wa kawaida akizidi siku tunampa jembe, na wa heshima akizidi tunamwacha Bibi afe na hamu?"

Baba alijua ni yeye aliyeshuka bondeni, na jambo hilo lilikuwa linamkaa kooni kama kokwa.

Msimu ukawa unakatika. Juma baada ya juma, Mama anakunja mkeka, Baba anambeba Bibi, watoto wanatangulia, lakini sasa polepole, na kurudi wanarudi na ndimi za rangi ileile waliyokwenda nayo. Kidawa alikuwa ameota meno, anatambaa, anakaa, na hajawahi kuonja zambarau. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika, na mvua ya kwanza ikishuka zambarau zote huporomoka bondeni. Ilibaki siku ya saba moja.

Asubuhi ya siku hiyo Siwema alikuwa akimchana Bibi manyoya, wakiota jua. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia mno msimu ule. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa hatua.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema, maana ndivyo walivyotaniana, "leo ndiyo ya mwisho, sivyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Msimu mwingine sijui kama utanikuta. Sikulilii, usininunie. Nataka jambo moja tu. Kabla giza halijanifunga kabisa, nizione ndimi zenu. Zote. Na kiulimi cha huyu mdogo, ambacho sijapata kukiona."

Siwema akaendelea kuchana. Hakuahidi kitu. Lakini njia nzima ya kwenda kwenye mzambarau hakusema neno, na Mama, aliyemzaa na kumjua, akaanza kuogopa.

Walichuma, wakarundika. Zilikuwa zambarau za mwisho wa msimu, zile zilizojaa kiasi cha kupasuka. Makoja akatokea, kishindo mbele, tumbo nyuma ya kishindo. Kabla hajakaa, Siwema akapiga goti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba."

Akamwambia kwamba wana aibu kubwa. Msimu mzima wamemlisha kama mpita njia. Mgeni wa heshima ana kiti, ana mahali palipoinuka, na juu ya yote ana hotuba, nao hawajamwomba hata moja. Akamwonyesha jiwe refu ukingoni. Akamwambia ukoo mzima wa ng'ambo, wenye mapango arobaini, umekusanyika leo kumsikiliza.

Makoja akakunja uso, akatazama ng'ambo. Akasema haoni mtu.

Siwema akamweleza kwamba wamo mapangoni. Ni watu wa haya, hawawezi kumkodolea macho mkubwa. Lakini watamwitikia, ajaribu tu.

Makoja akapaza sauti: "Hamjambo?"

"...jambo... jambo... jambo..."

Mabega yakapanda. Kule bondeni aliogopwa, hilo alilijua, lakini kuitikiwa na mapango arobaini kwa pamoja hakujawahi kumfika. Akalamba midomo, akatazama jiwe, akatazama rundo. Akasema vema, atahutubia, ila ale kwanza.

Hapo Baba akafumba macho. Mama akamvuta Kidawa kifuani.

"Wewe ndiye mkubwa," Siwema akasema taratibu. "Ila ukila, ulimi utageuka zambarau, kama wa watoto. Nao wa ng'ambo wana macho makali."

Makoja akafumba mdomo. Akafikiri. Kisha akapanda jiwe, akaupa mzambarau kisogo.

Akaanza. Akasema yeye ni mkubwa, ng'ambo wakakubali. Akasema hajapata kutokea kama yeye, ng'ambo wakasema hivyo hivyo. Kila alipotua, kule kukavuma, naye akavimba zaidi. Alieleza alivyozaliwa, meno yalivyomwota, na jinsi pimbi walivyo na bahati ya kutazamwa na macho yake.

Nyuma yake, Siwema akachukua zambarau ya kwanza. Hakuila. Akaitia mkononi mwa Bibi.

Wakala. Ami Mbaruku alikula machozi yakimtoka kama mto, na alipoulizwa kwa ishara akaonyesha kwamba ni jua. Kokwa hawakuzitema, maana pu moja ingewaponza. Walizitoa kwa vidole, wakazipanga juu ya majani. Kidawa alipotiwa kipande mdomoni alikunja uso, akashangaa, halafu akashika kidole cha Mama kwa mikono miwili asikiondoe.

Rundo lilipokwisha, Bibi akasema kwa sauti ya pumzi tu, "Ndimi nje."

Wakatoa. Wote, wamejipanga mbele yake. Kidawa peke yake hakutoa. Akawatazama mmoja mmoja, hajui mchezo wenyewe, maana mchezo huo ulifia kwenye arobaini yake. Siwema akamfundisha. Hivi. Toa hivi. Na kile kiulimi kikatoka, cheusi tii.

Bibi akainama. Akaangalia, akaangalia, na Siwema akaona macho yale yakihangaika huku na huku pasipo kushika kitu. Walikuwa wamechelewa. Msimu mzima walimngoja mtu ashibe, na macho ya Bibi hayakungoja.

"Sogeeni," Bibi akasema. "Pumueni."

Mmoja mmoja akasogea, akampumulia usoni. Naye akavuta harufu ile ya zambarau iliyochanganyika na mtu. Akasema huyu Mbaruku. Huyu mwanangu, baba yao. Huyu mke mwenzangu. Wa mwisho akaletewa Kidawa, na hapo akakaa kitambo, pua kwa pua.

"Basi," akasema. "Nimewaona."

Kule juu ya jiwe, Makoja alikuwa amefika mwisho wa mambo yake. "Kwa hayo machache, asanteni."

"...asanteni... asanteni..."

Akangoja kidogo. Mkubwa ndiye anayefunga mazungumzo. Hilo kila mtu analijua. "Haya, basi," akasema.

"...haya, basi... basi..."

"Nimemaliza."

"...nimemaliza... maliza..."

"Mimi ndiye wa mwisho kusema."

Nao wa ng'ambo, wale watu wa haya, wakasema kwamba wao ndio wa mwisho kusema. Makoja akapandisha sauti, wakapandisha. Akatukana, akatukanwa. Jua likamtoka utosini likamshukia ubavuni, na yeye bado anafunga mazungumzo. Mpaka koo likakauka, sauti ikatoka hhh, na ng'ambo, kwa mara ya kwanza, kukanyamaza.

Akageuka, mshindi, njaa imemshika. Juu ya majani palikuwa na kokwa, zimepangwa vizuri.

Akatoa meno. Akanyoosha mkono kumshika Siwema shingo.

"Mheshimiwa," Siwema akasema, hakurudi nyuma hata hatua, "ulisema umemaliza. Mgeni wa heshima akisema amemaliza, sisi ni akina nani tusimwamini? Tukala." Halafu akaongeza, polepole, "Na kule bado wanakutazama."

Mkono ukabaki hewani. Makoja akaukunja, akaupitisha kichwani kana kwamba alitaka kulaza nywele tu. Akalipungia jabali la ng'ambo. Akashuka zake bondeni, tumbo mbele, kishindo hakuna.

Na tangu siku hiyo, Makoja kila akipata sauti hupanda lile jiwe asubuhi na mapema kujibizana na ng'ambo, maana hawezi kulala akijua kuna mtu alisema baada yake. Kufikia adhuhuri amepwelewa sauti, amekwenda zake. Mzambarau hautazami. Hana nafasi.

Usiku ule mvua ikanyesha.

Msimu uliofuata, Mama akakunja mkeka. Baba hakuwa na wa kumbeba. Alitembea mikono nyuma, mgongo umenyooka, na mgongo ule ulionyooka ndio uliomuuma Siwema kuliko yote. Watoto wakatangulia. Wakala, pu, pu, pu. Upande wa mkeka ulioegemea shina hakukaa mtu, wala hakuna aliyeagiza pasikaliwe. Wakashiba, wakatazamana nani aseme. Siwema ndiye aliyesema, "Ndimi nje."

Kidawa akashinda. Akaenda ukingoni kwa miguu yake, akavuta pumzi. Lakini hakuita "weee."

"Bibi," akaita.

"...Bibi... bibi... bi..."

Siwema, ambaye hajapata kuliacha neno lipite, alifungua mdomo, akaufunga. Siku hiyo waliiachia ng'ambo iseme la mwisho.

Na funzo la ngano yangu, watoto, ni hili: msijibizane na wakubwa. Mkubwa akihutubia, mwacheni ahutubie, mpeni na jiwe refu la kusimamia. Msimkatize, msimharakishe, msimgeuze shingo. Akisema amemaliza, mwaminini papo hapo. Siwema alishika adabu hizi zote, hakuacha hata moja, na asiyesadiki amwambie atoe ulimi.

Ngano yangu nimeikunja kama mkeka. Kama ni tamu, lambeni vidole. Kama ni chachu, kokwa zitemeni bondeni, msinitemee mimi.