Chupa ya Shahidi

Wazee waliotuachia methali hii hawakuona haya kuitamka, ingawa watoto wa shule huicheka chinichini kila inapoandikwa ubaoni. Mficha uchi hazai. Maana yake si ngumu: mwenye jambo la aibu akilifungia moyoni hapati wa kumsaidia, na lile analolitamani humpita hivihivi. Nimeishi miaka mingi mjini Otsu, kando ya Ziwa Biwa, na methali hii niliiona ikitimia nyumbani kwa jirani yangu.

Jirani huyo ni Bibi Umehara, mjane wa miaka sabini na minne mwenye ulimi mkali na vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Kiangazi kile alimpangishia chumba cha juu mwanafunzi aitwaye Shimoji Kaname. Kijana huyo alitoka kisiwa cha Miyako, ambako hakuna hata mto mmoja, kwani mvua yote hunywewa na ardhi. Labda ndiyo sababu aliyapenda maji ya mito na maziwa kama mtu apendavyo alichonyimwa. Alikuja kufanya utafiti wa miezi miwili katika maabara ya Profesa Hatanaka, na mama huyo alimwambia wazi siku ya kwanza:

"Nina nafasi moja tu ya mwanafunzi wa uzamili mwakani. Fanya kazi safi, itakuwa yako. Ukinichafulia, tutaagana kwa amani."

Tangu hapo Kaname hakuwaza kingine. Akila aliiwaza nafasi ile, akilala aliiota.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Samaki huacha vinasaba vyake majini, kama mtu aachavyo nywele kwenye kitana. Kaname aliyachota maji, akayachuja, kisha mashine ya maabara ikasema ni samaki gani aliyepita. Profesa alikuwa akimtafuta nigorobuna, samaki wa Biwa ambaye zamani alipanda mifereji ya mashamba ya mpunga kutaga mayai. Katika mfereji wa Kinuta hakuna aliyesema amemwona kwa miaka kumi na mmoja. Angepatikana, wakulima wangeombwa kupanga mbao nzito za kupandisha maji ili samaki aingie mashambani, kazi ya kuvunja mgongo. Kwa hiyo Profesa hakutaka mchezo. Glavu hazivuliwi, na kila safari ni lazima ibebwe chupa moja ya maji yaliyotakaswa maabara, ikafunguliwe na kuchujwa palepale kama nyingine. Waliiita chupa ya shahidi. Ikionyesha samaki, basi mchotaji ndiye aliyemleta.

Jumapili moja ya Julai, Bibi Umehara alikuwa jikoni akitengeneza samaki wake wa mwaka. Nigorobuna waliokaa kwenye chumvi tangu Mei huoshwa, hushindiliwa wali tumboni, kisha hulazwa ndani ya pipa la mbao wachachuke hadi mwaka mpya. Vidole vya bibi vilikuwa vimekataa. Kaname alipomwona akiuma meno kwa maumivu, alikunja mikono ya shati akaketi kando yake.

"Shindilia, shindilia! Unambembelezea nini, mchumba wako?"

"Bibi, huyu ananuka."

"Ananuka leo. Mwezi wa kwanza utanipigia magoti nikupe mkia."

Walishindilia samaki ishirini na wanne. Kaname alinawa kwa sabuni mara tatu, akalala akijiona mjukuu wa nyumba ile.

Kesho yake jua lilichoma tangu asubuhi. Alipofika Kinuta glavu zilikuwa zimemganda kwa jasho, na kifuniko cha chupa kikakataa kufunguka. Akazivua. Dakika tano tu, alijiambia, na tena hakuna anayeniona.

Jumatano mashine ikatoa majibu ya mfereji wa Kinuta: nigorobuna yupo. Maabara nzima ilipiga kelele. Iwasa, mwanafunzi wa miaka ya juu aliyezoea kumtania, alimshika mabega akamtikisa.

"We mtoto wa kisiwa kisicho na mto! Mimi miaka mitatu nauchota ule mfereji naambulia tope, wewe mara moja tu?"

"Bahati tu, kaka."

"Bahati! Umetuloga wewe, sema ukweli."

Profesa, ambaye meno yake yalionekana kwa nadra, siku hiyo alicheka. "Jumamosi nitawaambia wakulima. Nawe Shimoji, anza kutafuta chumba cha kudumu. Shahidi anasemaje?"

"Bado hajaingia kwenye mashine, Mwalimu. Nafasi zilijaa."

"Mpime kesho."

Alhamisi Kaname alimpima akiwa peke yake. Maji yale yaliyotakaswa, ambayo hayakupata kuuona mfereji, yalijibu vilevile: nigorobuna yupo. Kijana aliitazama mikono yake. Samaki aliyeshangiliwa alitoka kwenye pipa la Bibi Umehara, akasafiri kwenye vidole vyake.

Profesa alipopita mlangoni akauliza, "Shahidi je?", ulimi ulijibu kabla ya akili. "Bado, Mwalimu." Simlaumu sana. Mwenye kuiona ndoto yake ikimponyoka huikamata kwa mkono wowote. Lakini usiku ule hakupata usingizi, na Ijumaa kutwa alikuwa kama kuku aliyenyeshewa.

Ijumaa hiyo jioni Profesa alifika mwenyewe nyumbani kwa Bibi Umehara, kwa kuwa bibi huyo alikuwa makamu mwenyekiti wa chama cha wakulima. Bibi alimkaribisha kwa chai na vipande vya samaki wa mwaka uliopita, na Kaname akaitwa kukaa nao mkekani.

"Bibi, kesho naomba uwe wa kwanza kuniunga mkono," Profesa alisema. "Ukikubali wewe, wenzako wote watabeba mbao."

Bibi alikuwa akizungusha kikombe chake, na Kaname akavitazama vile vidole vilivyopinda. Ndivyo vitakavyobeba mbao kwa ajili ya uongo wake. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akapiga moyo konde, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Mwalimu, nisamehe. Shahidi ana samaki. Nilivua glavu, na siku moja kabla nilikuwa nimeshika samaki wa Bibi. Nilimpima jana, nikakudanganya."

Profesa aliweka kikombe chini. "Jana?"

"Jana, Mwalimu."

"Basi hatuna kitu." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi kijana. "Kesho nitawaambia hatuna kitu."

Bibi Umehara alikohoa. "Mtoto keshajivua nguo mbele za watu, mimi mzee mzima nikae nimejifunika? Sikilizeni. Samaki wa kwenye pipa, ishirini na wawili nimenunua. Wawili niliwatoa Kinuta."

"Kinuta?" Profesa aliinuka nusu. "Lini?"

"Mwezi wa tano, alfajiri ya ile mvua kubwa. Naenda kuangalia bilinganya zangu, wakanipita miguuni, wamenona! Nikawatia kwenye ndoo."

"Bibi, chama kilikataza kuvua kwenye mifereji!"

"Nani kakwambia sijui? Mkono wa kwanza kunyooshwa siku ya kura ulikuwa wangu huu. Na mwaka jana nilipata mmoja. Wa mwaka juzi usiniulize."

"Miaka yote tunamtafuta, umekaa kimya!"

"Ningesemaje, na aibu ile? Na nyie nanyi mnakuja jua linawaka, na vichupa vyenu. Yule haji kuota jua, mwalimu. Anakuja na mvua, maji yakiwa na tope."

Profesa alimtazama bibi, akamtazama kijana aliyekuwa bado ameinama, akashindwa kujua amkasirikie nani.

Kwenye mkutano wa Jumamosi yote yalisemwa. Wakulima walimcheka makamu mwenyekiti wao hadi machozi, wakampa adhabu ya kuulinda mdomo wa mfereji, wakakubali kusubiri maji yapimwe tena siku ya mvua. Jumanne mvua ya mwisho ya msimu ilimwagika. Kaname, ambaye tangu Jumamosi alikula tambi tupu na kulala kwa Iwasa ili asilikaribie pipa la Bibi, alichota akiwa amevaa glavu mbili mbili. Safari hii shahidi alinyamaza kimya. Maji ya Kinuta yalijibu kwa unyonge, lakini yalijibu: yupo.

Siku iliyofuata majibu hayo Profesa alimkuta maabarani na Iwasa, akifunga vitu vyake kwenye kikapu.

"Unakwenda wapi?"

"Ulisema nikichafua tutaagana, Mwalimu."

"Ulichafua maji. Daftari la majibu umelisafisha mwenyewe, ingawa ulichelewa siku moja. Kwa siku hiyo moja utanioshea chupa mwaka mzima utakaporudi."

"Nikirudi... nikiwa nani?"

"Chupa zangu haoshi mgeni, Shimoji. Anaosha mwanafunzi wangu."

Kaname alilia palepale mbele ya Iwasa, naye Iwasa akaanza kukipakua kile kikapu. Kijana angeifukia chupa yake, na Bibi Umehara angeendelea kuifunika ndoo yake, yeye asingepata nafasi wala Kinuta isingepata samaki. Wazee walijua walichokisema: mficha uchi hazai.