Nyumba ya Bi Nguchiro na Minazi ya Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Nyumba je?

Imeuzwa!

Na minazi ya uani?

Hapo ndipo penye maneno!

Basi hapo kale alikuwapo Bi Nguchiro, mkaaji wa bara, jirani wa mashine ya kusaga. Mashine iliamka naye, tuku-tuku-tuku, na usiku ilimlaza, tuku-tuku-tuku. Masikio yake madogo, lakini yanasikia kila kitu. Akachoka. Akauza shamba lake la karanga lote, hakubakiza hata tuta moja, akashika njia kwenda pwani kutafuta nyumba yenye utulivu.

Huko akampata Bwana Ngiri, mwenye meno ya kutisha na tumbo lisilojua kushiba. Ngiri alikuwa na nyumba ya kuuza, paa la makuti na minazi mirefu uani. Akamsifia upepo, akamsifia kimya. Na kweli palikuwa kimya, hata kaa wakitembea mchangani unawasikia. Bi Nguchiro akapenda, akalipa, akahamia.

Alfajiri ya kwanza: Gu! Pu!

Akatoka mbio. Kumbe Ngiri yuko uani, amefumba macho, anagonga mnazi kwa kichwa, maana kupanda hawezi. Gu! mnazi ukatikisika. Pu! nazi ikatoboa paa.

"Bwana Ngiri, si umeniuzia hapa?"

"Nimekuuzia nyumba. Minazi ni yangu."

Hapo alimpata, maana huko pwani kiwanja kina mwenyewe na mti una mwenyewe, na mgeni wa bara hakujua kuuliza. Bi Nguchiro aliumia sana. Kurudi hawezi, shamba limeshauzwa. Akaomba basi apewe kivuli apumzike. Ngiri akasema kivuli ni cha mnazi, na mnazi ni wake. Akaomba makuti yanayoanguka azibe paa. Ngiri akasema na hayo ni yake. Kila alfajiri Gu! Pu! na kila alfajiri "Minazi ni yangu."

Bi Nguchiro akajikuna sikio. Kisha akaenda kwa Jumbe Nyati, mkubwa wa kijiji, mwenye hasira za karibu, akamkaribisha kwake yeye na wazee wake, kesho alfajiri, kahawa na mkate wa kumimina. Jumbe aliposikia mkate wa kumimina alikubali kabla mwenziwe hajamaliza.

Kesho yake mkeka ukatandikwa chini ya mnazi uliozaa kuliko yote. Jumbe akakaa, akapewa kikombe. Ngiri naye akaja kwa upande wa pili, kichwa chini, macho amefumba kama kawaida yake.

Gu! Pu! Nazi juu ya utosi wa Jumbe. Kahawa yote ikamwagika.

"Nazi hii ya nani?" akauliza Jumbe.

Ngiri akafumbua macho, akaziona pembe za Jumbe.

"Si yangu, Jumbe. Mimi nilishauza. Minazi ni ya Bi Nguchiro."

"Yote?" akauliza Bi Nguchiro kwa adabu.

"Yote."

"Na kivuli?"

"Na kivuli."

"Na makuti?"

"Hata makuti, dada yangu, chukua."

Bi Nguchiro akawauliza wazee kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Akammiminia Jumbe kahawa nyingine, taratibu.

"Basi, Jumbe, ikiwa minazi ni yangu, huyu anayeigonga kila alfajiri, nazi zangu anazipeleka wapi?"

Jumbe akainuka. Ngiri hakungoja. Akatimua mbio mkia juu, Jumbe nyuma yake, na mpaka leo akikimbia mkia hajaushusha. Bi Nguchiro akaziba paa kwa makuti yake, akajilaza kwenye kivuli chake, akasikiliza kaa wakitembea.

Basi wanangu, funzo ni hili: ukiuza nyumba, uwe karimu kama Bwana Ngiri, aliyempa mgeni minazi yote bure mbele ya mashahidi, asingoje hata kushukuriwa.

Hadithi nimeifunga mlango, ufunguo uko chini ya mkeka. Anayeitaka na aje, ila abishe hodi kwa mkono, si kwa kichwa.