Ulimi wa Chatu

Nyamazeni sasa, nipeni masikio yenu, nami niwape kisa.

Zimwi lilimwiba Siwema kisimani, na mama yake, Mwanakombo, akalifuata hadi pangoni. Zimwi likapuliza moshi, na mara wakasimama Siwema watatu.

"Chagua wako, bibi wee! Ukikosea, nitawameza nyote wawili. Mwisho wako ni jua kuzama."

Mwanakombo hakulia. Alikwenda kwa mwewe, akaazima macho yanayomwona panya kutoka mawinguni. Akawatazama mabinti, hata kope zao zilifanana. Akayarudisha.

Akaenda kwa popo, akaazima masikio yanayomsikia mdudu akiruka gizani. Akawasikiliza, hata pumzi zao zilikuwa sawa. Akayarudisha. Jua lilikuwa limeshainama.

Akaenda kwa chatu. "Chatu, wewe hupataje windo lako?"

"Huionja hewa," chatu alisema. "Harufu hunijia kwa ulimi."

"Basi niazime huo ulimi."

Akarudi mbio, akautoa ulimi wenye ncha mbili mbele ya kila mmoja. Wa kwanza hakuwa na harufu yoyote. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alinuka jasho, moshi wa kuni na woga.

"Huyu ndiye wangu!" akasema, akamshika mkono kwa nguvu. Wale wawili wakayeyuka, na zimwi likapasuka kwa hasira.

"Mama, ulimi wako umekuwaje?" Siwema aliuliza.

"Si wangu, mwanangu. Twende tukamshukuru mwenyewe."

Kisa kimetua hapo. Aliyekipenda na akibebe.