Alhamisi za Fundi na Mwalimu

Kila Alhamisi, saa nane za mchana, Fundi aliiacha cherehani yake, gauni la mteja likiwa bado chini ya sindano, akavuka barabara na kuingia kwa Mwalimu, shoga yake wa tangu utotoni. Mlango ulifungwa, pazia likashushwa. Saa kumi alirudi akijinyoosha vidole kama mtu aliyeshinda akikanda unga.

Bintiye, ambaye mtaa mzima ulimwita Mdadisi, alikosa raha. Wanawake wawili waliozoea kucheka hadi mabati yakatetemeka, sasa walikuwa kimya kama maji ya mtungini. Je, walikuwa wamekosana?

"Mama, huko kwa mama mkubwa mnafanya nini?"

"Tunapiga soga."

"Soga gani isiyo na sauti?"

"Mwanangu, masikio yakizidi kurefuka hivyo, utashindwa kupita mlangoni!"

Mdadisi alicheka, lakini moyo haukutulia.

Alhamisi moja gari lilisimama nje. Akashuka mama ambaye Mdadisi nusura amwite Mwalimu: uso ule ule, mwanya ule ule, hata mwendo. Alikuwa pacha wake, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Ila huyu aliishi mbali, na kwa miaka mitatu hakuwa amekanyaga hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kumchukua dada yangu. Naambiwa hasikii tena, na juzi nusura agongwe na lori. Atakaa kwangu, chumba cha uani."

Mdadisi alipigwa na butwaa. Hasikii? Akamwongoza mgeni hadi ng'ambo ya barabara, akabisha. Fundi alifungua. Nyuma yake, Mwalimu alikuwa ameinamia kitabu kilichojaa picha za mikono. Hapo Mdadisi akaelewa: ilikuwa lugha ya ishara.

"Dada, funga mizigo, twende!" pacha alipaza sauti.

Mwalimu aliitazama midomo yake asiambulie kitu. Akamgeukia Fundi. Vidole vya Fundi, vilivyojaa makovu ya sindano, vikacheza hewani.

"Twende wapi?" Mwalimu akauliza. "Hapa ndipo kwangu."

"Hapa utazungumza na nani?"

Fundi alilifikisha swali hilo bila kupunguza neno.

"Na huyu," Mwalimu akajibu. "Masikio yalipoanza kuziba nilikuandikia barua mbili, hukujibu. Huyu sikumwomba. Alikuja na kitabu, akaniandikia: 'Tujifunze wote, maana ukijua peke yako utaongea na ukuta.' Nikamsihi asimwambie mtu mpaka niyazoee maisha haya."

Pacha alijibwaga kitini. Machozi yakamlengalenga.

"Nilidhani ni uzee tu," alinong'ona. Kisha akamgeukia Fundi. "Nifundishe kusema 'nisamehe'."

Alikosea mara mbili. Mara ya tatu Mwalimu aliushika mkono wake, akavipanga vidole kimoja kimoja, halafu hakuuachia.

Jioni gari liliondoka bila mizigo ya mtu. Alhamisi iliyofuata Mdadisi alivuka barabara pamoja na mamaye, akakaribishwa mezani. Alikuwa na maswali chungu nzima, ila moja lilikuwa limekwisha kujibiwa mbele ya macho yake: undugu ni kufaana, si kufanana.